Mwenye Nyumba Naye Hubisha Hodi

"Mwenye nyumba naye hubisha hodi." Mmenisikia nikisema hivyo kila ninapokuja kusoma mita ya umeme, na kila mara mnacheka. Leo Kulwa kaniuliza waziwazi: "Bibi, nyumba ni yako, funguo za akiba unazo, kwa nini unasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi?"

Basi kaeni niwaambie. Anayefua aendelee kufua, masikio hayaloi. Watu wengi wanaitumia methali hii bila kujua ilikotoka, na wengine wanadhani ni utani wa harusini. Si utani. Ilizaliwa hapa hapa Tabora, katika nyumba niliyopanga nikiwa bibi arusi wa miezi minne, na iligharimu aibu ya mama mmoja mtu mzima. Mtaa sitautaja, maana wajukuu wa mwenye nyumba ile bado wanaishi pale na wao hawana kosa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, na uani jiko na choo cha wote. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Mrisho. Hakuishi pamoja nasi. Alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya barabara. Siwezi kusema alikuwa mbaya kwa kila kitu, kwa sababu mtu akifiwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kuni. Lakini alikuwa na maradhi mamoja: hakujua mlango uliofungwa maana yake nini. Alisukuma mlango wa chumba chochote, saa aliyotaka yeye, na neno lake la kwanza ulilisikia akiwa tayari amesimama ubavuni mwa kitanda chako. "Mpo?"

Mimi aliniingilia nimetoka kuoga, najipaka mafuta. Akatazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Msipigilie misumari ukutani," akatoka zake. Mume wangu Masudi aliporudi kazini nilimlilia. Akakuna kichwa, akasema, "Sasa Nyamizi, tumwambieje? Nyumba ni yake."

Nyumba ni yake! Maneno hayo matatu tuliyaimba vyumba vyote sita. Mama wa chumba cha mwisho alifunuliwa vyungu akasema nyumba ni yake. Bwana mmoja mlinzi, anayelala mchana, aliamshwa mara mbili kwa wiki akasema nyumba ni yake. Na hapa nataka mnielewe vizuri, maana mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka: hasira yangu ya kwanza si kwa Mzee Mrisho, ni kwetu sisi. Kila mpangaji alikuwa na mkataba wa karatasi, ulioandikwa na mwandishi wa barua pale karibu na soko. Tulitia sahihi, tukaukunja, tukaufungia kwenye kitambaa na kuutupa ndani ya sanduku. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasoma gazeti hata lile lililofungia dagaa, lakini karatasi ya chumba ninacholala sikuwahi kuisoma.

Chumba kinachotazamana na changu walipanga Hemedi, fundi wa reli, na mkewe Zaituni. Zaituni alikuwa mpole, mcheshi, na mkono wake wa kupika maandazi sijauona tena. Mwezi wa pili, masika yakiwa bado yanapiga, Hemedi alishikwa na homa Jumatatu, Jumatano tukamzika. Kodi ya mwaka mzima alikuwa amelipa, na miezi saba ilikuwa imebaki. Nalitaja hili ili msije mkafikiri kisa kilianzia kwenye deni. Deni halikuwapo.

Zaituni akaingia eda. Ninyi wa siku hizi wengine hamjui, kwa hiyo nieleze. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba waliyokaa na marehemu. Hajipambi, hatoki bila haja kubwa, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Zaituni aliishika eda yake kwa dhati. Hemedi alikuwa amemwoa kinyume na matakwa ya ndugu zake wa Urambo, na wale ndugu walikwisha kusema msibani, bila hata kupunguza sauti, kwamba huyu hata machozi yake ni ya kuazima. Kwa hiyo alichokitaka Zaituni duniani kilikuwa kitu kimoja tu: amalize eda ya mume wake katika chumba cha mume wake, mtu yeyote asipate la kusema.

Arobaini ilipopita tu, Mzee Mrisho alisukuma mlango wake.

Nilikuwamo ndani, namsuuzia vikombe. Zaituni alivuta shuka akajifunika mpaka usoni. Mzee Mrisho akajifanya haoni. Akazunguka, akagonga ukuta kwa vidole, akainua kalenda iliyotundikwa upande wa dirisha. Nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa wa urefu wa mkono mzima.

"Hiki nini?" akauliza.

Zaituni akajibu chini ya shuka kwamba marehemu aliuona tangu kiangazi.

"Akauficha kwa kalenda! Basi sikiliza, mwanangu. Pole na msiba. Lakini mkataba niliandikiana na Hemedi. Hemedi Mungu kamchukua, na mkataba wake kaondoka nao. Mwisho wa mwezi nakihitaji chumba."

"Baba, niko eda."

"Eda ni ya moyoni. Utaikalia popote."

Alitoka na mlango akauacha wazi. Nyinyi mnaguna, na mimi niliguna. Mwanaume mzima, anayeswali safu ya mbele, anamfundisha mjane kwamba eda ni ya moyoni! Mashehe wanajua mambo yenye ruhusa na dharura zake, lakini ndugu wa Urambo wasingetafuta ruhusa wala dharura. Wangesema alishindwa kumlilia mume hata miezi minne, na neno hilo lingemfuata mpaka kaburini.

Sababu ya haraka yote ile tuliijua baada ya siku tatu. Alikuja na mgeni, afisa mmoja wa tumbaku, kijana wa shati jeupe na pikipiki nyekundu. Mzee Mrisho alikuwa amerogwa na ile pikipiki. Aliona ikiegeshwa mbele ya nyumba yake mtaa mzima utamheshimu. Wakaingia wote wawili, bila hodi, wakaanza kupima chumba kwa kamba waone kitanda cha afisa kitakaa wapi. Zaituni alikuwa pembeni ya ukuta, ndani ya shuka, na kamba ikapita juu ya miguu yake.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alinisikiliza akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Binti," akasema, "mwenye mali akisema mali ni yake, mimi nitasema nini?"

"Lakini amelipa kodi, na yuko eda."

"Msaidie kufunga mizigo. Ndiyo jirani mwema hivyo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilirudi nikamwambia Zaituni tuanze kufunga mizigo. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayewapigia kelele za haki. Zaituni alinitazama tu, akasema, "Nyamizi, nikitoka humu nitakuwa nimemzika Hemedi mara mbili." Jioni ile Masudi alimfungia komeo kwa ndani, ili angalau apate kuvua shuka kichwani bila wasiwasi.

Komeo lilikaa siku mbili. Mzee Mrisho alisukuma mlango ukakataa, akaita, akafunguliwa, akaliona. Alikwenda kwake akarudi na bisibisi. Alifungua skrubu nne, moja moja, taratibu, akalitia komeo katika mfuko wa shati.

"Mpangaji hajifungii ndani ya nyumba ya mtu," akasema.

Kumbukeni komeo hilo, maana yeye mwenyewe alililipia kabla wiki haijaisha.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Kashindye, ambaye kazi yake mtaani ilikuwa kuosha maiti wa kike na kuwatunza wajane walio eda. Alikuja kwa Zaituni kila Ijumaa baada ya adhuhuri, akamsuka, akamfulia, akakaa naye wakazungumza. Sasa, Bi Kashindye alikuwa mama mzazi wa Sauda, na Sauda ndiye mke wa Mzee Mrisho. Yaani alikuwa mama mkwe wa mwenye nyumba.

Kwetu Unyamwezini, hasa zamani zile, mtu na mama mkwe wake walikuwa wakiheshimiana kwa kukwepana. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na kumwona mama mkwe bila nguo ni balaa ambalo wazee walikuwa hawalitaji mbele ya watoto. Mzee Mrisho alikuwa mkali wa mila hiyo kuliko wote. Alipomwona Bi Kashindye kwa mbali alivuka barabara, kofia mkononi, akainama mpaka apite. Adabu yote aliyokuwa nayo mwilini alikuwa ameiweka kwa mtu mmoja.

Ijumaa ile mvua ilimkuta Bi Kashindye njiani ikamlowesha mpaka mifupa. Akapita mlango wa uani, akaingia kwa Zaituni, akavua kila kitu, akabaki na kipande cha kanga kiunoni, akawa anakamua nguo zake juu ya beseni. Mimi nilikuwa koridoni nachambua mchele. Nikasikia pikipiki. Nikamwona Mzee Mrisho anaingia, afisa wa tumbaku nyuma yake.

Nilisimama. "Mzee, subiri, humo ndani kuna—"

"Namjua aliyemo," akasema, akasukuma mlango.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Kashindye alikuwa ameupa mlango mgongo. Akageuka, kifua wazi, nguo inayochuruzika mkononi, akatazamana na mkwe wake uso kwa uso. Kofia ya Mzee Mrisho ilimwanguka. Yule afisa aligeuka kwa kasi akagonga paji la uso kwenye fremu. Na Zaituni, ambaye kwa siku karibu hamsini hakuna mwanaume aliyemwona uso, alilivua shuka lake, akaruka, akamfunika yule mama. Akabaki yeye amesimama kichwa wazi mbele yao, na nywele zake nusu zimesukwa. Sikuwahi kuona kitendo cha heshima kikubwa kama kile, na waliokitazama hawakustahili kukitazama.

Walikimbia. Afisa aliwasha pikipiki akaondoka, na hatukumwona tena mtaani.

Asubuhi ya Jumamosi walikuja wazee watatu kutoka upande wa Mzee Mrisho, na mbuzi jike mweupe, na shuka jipya la kumfunika mama mkwe kama mila ilivyotaka. Tuliwakaribisha uani kwa Bi Kashindye, kwa sababu mimi na wapangaji wenzangu tulikuwa tumelala kwake kumliwaza. Sauda naye alikuwapo, macho yamevimba kwa kulia. Msemaji wa wazee alianza kwa upole.

"Mama, limetokea la bahati mbaya. Mwanao hakujua kama upo. Pokea mbuzi, pokea nguo, yaishe ndani ya familia, mtaa usijue."

Bi Kashindye alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Angejua kama nipo, angefanyaje?" akauliza.

"Asingeingia, mama."

"Na kwa kuwa alijua yumo Zaituni, aliingia."

Mzee akakohoa.

"Mbuzi ni wa bahati mbaya," akasema Bi Kashindye. "Mtu amekwenda kisimani, hakujua kama mkwe wake anaoga, hapo analeta mbuzi na mimi nampokea na tunacheka. Huyu amesukuma mlango wa mwanamke aliye eda, mara ya nne, na komeo la mlango ameling'oa mwenyewe. Bahati mbaya iko wapi? Mrudisheni mbuzi wenu. Jumatano baraza la kata linakaa, nami nitakwenda."

Sauda alimwangukia miguuni. "Mama, utasimama mbele ya wanaume useme walikuona uchi? Sisi wanao tutaweka wapi nyuso zetu?"

"Mimi nimekwisha aibika, mwanangu. Aibu hiyo haifichiki tena kabatini. Lakini nikipokea mbuzi leo, mume wako atajua jambo moja tu: asisukume mlango nikiwamo mimi. Wengine ataendelea kuwasukumia."

Nikatoka pale mbio. Nilikwenda kwa Zaituni, nikamwomba ruhusa, nikafungua sanduku la Hemedi, nikautoa mkataba kwenye kitambaa. Nikaketi sakafuni nikausoma, kwa sauti, neno kwa neno, wote wawili tukisikiliza. Ukurasa mmoja tu! Mambo yote tuliyokuwa tunaomba kama sadaka yalikuwamo humo yameandikwa, na sahihi ya Mzee Mrisho chini yake, kubwa, yenye mkia. Nililia kwa hasira. Miezi minne nilikuwa nimelalia karatasi kama ile ile ndani ya sanduku langu, na mtu ananiingilia nikijipaka mafuta.

Baraza lilikaa katika darasa la zamani, mimi na Bi Kashindye mbele, mtaa mzima madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lugusha, mwalimu mstaafu, mtu wa kusema polepole. Akampa Mzee Mrisho nafasi ya kwanza.

"Mwenyekiti, nyumba ile nimeijenga kwa jasho langu," akasema. "Tofali kwa tofali. Leo naambiwa siruhusiwi kuingia? Na huyo aliyepanga amefariki. Na isitoshe walinificha ufa! Ukuta unaharibika, wameufunika kwa kalenda. Mimi nisingeingia, ningejuaje?"

Watu wakanong'ona, maana la ufa lilikuwa na kweli yake. Mzee Lugusha akanitaka nisome mkataba. Nilisoma kwa sauti iliyofika madirishani. Kwamba mpangaji na familia yake watakaa kwa mwaka mmoja. Kwamba mwenye nyumba ataingia kukagua mchana, baada ya kutoa taarifa siku moja kabla. Kwamba mpangaji atatunza chumba, na akiona uharibifu wowote atamwarifu mwenye nyumba bila kuchelewa.

"Mzee Mrisho, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika 'mpangaji na familia yake.' Mjane si familia?"

Mzee Mrisho akaanza kukuna shingo.

"Ulitoa taarifa siku gani?"

"Mwenyekiti, mtu anatoaje taarifa ya kuingia kwenye nyumba yake?"

Hapo Bi Kashindye akasimama. Hakungoja kuitwa. Alijitanda kanga yake vizuri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamwangalia mkwe wake moja kwa moja, mbele ya watu wote, kwa makusudi.

"Nyumba ni yako, baba," akasema. "Ukuta ni wako, bati ni lako, na ufa ni wako. Na mimi niliyekuwa ndani, nilikuwa wa nani?"

Mzee Mrisho aliinamisha kichwa. Nilimwona Sauda kwenye dirisha la tatu, amejifunika mdomo kwa upande wa kanga, lakini hakuwa analia tena.

Mzee Lugusha alitoa uamuzi wake bila mbwembwe. Kifo cha Hemedi hakikuua haki ya mjane wake. Atakaa mpaka mkataba uishe, na akitakiwa kuhama baada ya hapo atapewa notisi ya maandishi na muda wa kutosha. Komeo lirudishwe, na alirudishe aliyelitoa, kwa mkono wake. Mwenye nyumba ana haki ya kukagua mali yake, na mpangaji hana haki ya kumzuia, ila atoe taarifa, aje mchana, asimame mlangoni, abishe hodi, angoje ajibiwe. Kisha akanigeukia mimi, kwa niaba ya Zaituni.

"Na ninyi wapangaji, mnaficha nini? Ufa ule mngeusema kiangazi, ungezibwa kwa ndoo moja ya saruji. Sasa maji yameingia. Mwambie dada yako baraza limemlaumu marehemu, na linamtaka yeye afungue chumba ukuta utengenezwe."

Niliona aibu, lakini nilikubali. Mzee Mrisho alikuwa na haki yake kweli, akaizika mwenyewe chini ya vurugu zake. Ndiyo maana nawagombeza mnaponificha bomba linalovuja. Ukinificha bomba, nikija na hasira utakuwa umenipa sababu.

Jumatano hiyo hiyo jioni karatasi ndogo ilipitishwa chini ya mlango wa Zaituni: "Nitakuja kesho saa tatu asubuhi na fundi. Mrisho." Zaituni aliisoma mara tatu. Mtu alikuwa amemwandikia barua kuomba kuingia ndani ya chumba chake.

Saa tatu ya Alhamisi hakuna aliyekwenda sokoni. Tulijifanya tuna kazi koridoni na barazani, mmoja anafagia palipokwisha fagiliwa, mwingine anabembeleza mtoto aliyelala. Mzee Mrisho alikuja na fundi, ndoo ya saruji, na lile komeo ndani ya mfuko wa shati. Alifika mlangoni. Mkono wake ukainuka kusukuma, kwa mazoea ya miaka. Akaurudisha.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Kimya.

"Hodi humu."

Kimya tena. Mnajua desturi yetu: ni hodi tatu, na baada ya tatu, kama hujajibiwa, unarudi ulikotoka. Nilimwona anazihesabu. Jasho lilikuwa linamtoka, na jua lilikuwa bado halijakolea. Akasema ya tatu, na safari hii aliisema kama watu.

"Hodi, mama."

"Nani?" ikatoka sauti ya Zaituni ndani, ya utulivu kabisa.

Mwenye nyumba yule, tofali kwa tofali, ilibidi ajitambulishe. "Ni mimi, Mrisho."

"Subiri kidogo, baba. Najistiri."

Subiri! Mpangaji kamwambia mwenye nyumba subiri! Akasogea mpaka barazani, akaketi juu ya tofali kando ya ndoo yake, mikono magotini. Saruji ikaanza kukauka. Mwuza mkaa aliyekuwa anapita na baiskeli, ambaye hakujua lolote, akasimama kumsalimu.

"Mzee Mrisho, shikamoo. Mbona umekaa nje ya nyumba yako kama mgeni?"

Mzee Mrisho alimtazama kwa uchungu, akamjibu huku ameuma meno: "Mwenye nyumba naye hubisha hodi."

Alilitamka kama tusi. Lakini sisi tuliokuwa koridoni, wa vyumba vyote sita, tulioingiliwa, tuliofunuliwa vyungu, tulioamshwa usingizini, tuliolisikia lile neno likitoka kinywani mwake yeye, tulilidaka. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limefika sokoni. Siku ya Jumapili liliandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa balozi, na sitasema nani aliliandika.

Zaituni alijistiri bila haraka. Alijifunga shuka, akapanga beseni, akatandika kitanda, akaishusha kalenda ya Hemedi kutoka ukutani. Na nje, juani, mwenye ukuta, mwenye bati na mwenye ufa alikaa akingoja neno moja kutoka ndani, neno ambalo halikuwa lake.

"Karibu," Zaituni akasema.

Mwenye nyumba naye hubisha hodi.